Raketi ya Mshambuliaji na Mkono wa Mama Kendi

Kathure,

Uliniomba karatasi moja tu: namna ya kumchagulia mshambuliaji raketi ya padeli, uibandike nyuma ya kaunta, mteja akija usibabaike. Nimeianza mara tatu. Kila nikiandika umbo na uzito najikuta nimeshafika kwa Mama Kendi, na yeye hatoshi kwenye karatasi moja. Basi nimeacha kushindana. Nakuandikia yote, wewe mwenyewe utachambua lipi la kubandika. Uvumilie mwandiko, maana vidole vilivyovuta nyuzi maisha mazima havitaki tena kukunjika.

Mambo ya vyeo sina. Dukani kwetu, duka la vifaa vya michezo, kulikuwa na tajiri mwenye mali, halafu kulikuwa na sisi, na hakuna ngazi iliyowahi kuwekwa hapo katikati.

Nilianzia Embu, kijana wa Nkubu aliyejua kandanda peke yake. Siku ya kwanza nilikunja jezi mpaka saa nne, halafu tajiri akanipeleka chumba cha nyuma kwa Mzee Njeru, fundi wa kufunga nyuzi za raketi za tenisi na skwoshi. Mzee Njeru aliishi mtaa wa Majimbo na alikuja kazini kwa miguu, thamosi ya chai kwapani, na kabla hajaimaliza hiyo chai hakuwa mtu wa kuongeleshwa. Alinipa pakiti ya nyuzi niifungue. Nikaikata kwa wembe, nikakata na nyuzi zenyewe mara mbili. Akaziangalia, akanywa chai, akasema, "Sawa. Leo tutauza kamba za viatu." Nilitaka ardhi inimeze.

Alinifundisha koleo, sindano butu ya kupanulia tundu, na nta ya mshumaa kwenye ncha ya uzi ili usifumuke. Lakini kitu alichonishikilia kabisa ni kusalimia. Mteja akiingia lazima nimpe mkono, na nisiuachilie haraka. Nilidhani ni adabu zake tu. Ilinichukua miezi kuona kwamba kila akisalimia anakagua: sugu ziko wapi, kidole gumba kina nguvu gani, kifundo kinakaza au kimelegea.

"Mdomo utakuambia anataka nini," alisema. "Huo mkono ndio utakuambia anaweza nini."

Kulikuwa na karani mmoja wa korti aliyetaka nyuzi zikazwe mpaka ziimbe. Mzee Njeru akamsalimia, akamwambia sawa bwana mkubwa, halafu akazilegeza kuliko zilivyokuwa. Wiki iliyofuata karani akarudi kifua mbele. "Sasa hapo umekaza kiume!" Mzee Njeru akamshukuru, akarudi kwenye chai yake. Mimi nilicheka mpaka nikatolewa nje.

Tajiri alipofungua duka la Meru akanihamisha, kwa sababu ningekuwa karibu na nyumbani na hakuna mwingine aliyetaka baridi. Mzee Njeru alinisindikiza mpaka mlangoni, akanipa mkono, na nadhani alinikagua pia. Alifariki baada ya miaka michache. Nilifunga nyuzi Meru miaka mingi, kwanza kazi ilikuwa nyingi, halafu ikawa ya kusubiri. Viwanja vya tenisi vikaanza kukodishwa kwa harusi. Watu wa skwoshi wakazeeka magoti. Mashine yangu ya nyuzi ikawa mahali pa kuanikia koti la mvua, na mimi nikawa muuzaji wa viatu na filimbi za waalimu.

Halafu siku moja tajiri akaingia na katoni. Akatoa raketi nene, nyeusi, mpini mfupi, uso mzima umetobolewa matundu. Nikaigeuza. Nikaigeuza tena.

"Nyuzi ziko wapi?"

"Hazina nyuzi, Kirimi. Hii ni padeli."

"Na mimi je?"

Tajiri akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka sitini na zaidi, na ile kazi moja niliyoijua kuliko mtu yeyote kati ya Embu na Maua ilikuwa imefutwa na matundu.

Lakini kazi ni kazi. Hoteli moja hapo mjini ilikuwa imejenga uwanja nyuma, umezungushiwa vioo na waya, na Jumamosi tatu mfululizo nilikaa kwenye benchi na chupa ya maji nikitazama. Wanne, wawili kwa wawili. Mpira unaruhusiwa kugonga kioo na kurudi. Kuna wa kulinda na kuna wa kushambulia, na wa kushambulia ndiye kila mtu anayemtazama, kwa hiyo kila mteja akija dukani anasema yeye ni mshambuliaji. Wengine hata mpira hawajawahi kuugusa. Utawajua tu.

Wacha nikupe ya karatasi sasa kabla sijachoka. Maumbo ni matatu. Ya duara uzito wake uko karibu na mkono, na sehemu nzuri ya kugongea ni pana, katikati kabisa. Hiyo ni ya mtu wa kulinda. Ya almasi kichwa kimepanuka juu, uzito umepanda huko, na sehemu nzuri ni ndogo na iko juu. Ukipatia hapo smashi, lile pigo la kuuponda mpira kutoka juu, inatoka kwa hasira, ukikosea mtetemo wote unashuka kwenye kiwiko. Ya tone la maji imekaa katikati ya hizo mbili, na nusu ya wanaojiita washambuliaji wangefanya vizuri zaidi nayo, ila hawapendi kuambiwa. Usisome tu yaliyoandikwa ubavuni. Ilaze raketi juu ya kidole uone inaangukia upande gani, halafu uipime kwa mizani ya jikoni, kwa sababu mbili za jina moja zinaweza kupishana gramu kumi. Ndani kuna sponji. Ngumu inampa nguvu mtu mwenye mkono wa haraka, laini inameza mtetemo na kumsaidia wa polepole. Uso wa kaboni ni mgumu kuliko wa faiba, na ukiupapasa ukakwaruza, mpira utazunguka. Kamba ya mkononi usimruhusu mtu kuiacha, meno ya watu hayana spea.

Hayo yote niliyajua vizuri siku Mama Kendi alipoingia. Hilo ndilo linaloniuma.

Mama Kendi ni wa Kibirichia. Alikuwa na ng'ombe watano na viazi, na kila alfajiri akishakama kwa mkono alipakia mikebe kwenye pikapu akateremsha maziwa hotelini. Baba Kendi anafanya kazi Isiolo, anakuja mwisho wa mwezi, kwa hivyo boma lote lilikuwa juu yake. Asubuhi moja akina mama wa padeli walikuwa watatu, wa nne amekwama. Wakamwona ameweka mikebe chini. Wakamwomba asimame tu, wasipoteze saa yao. Akavua gambuti, akacheza na soksi. Mpira wa tatu aliopigiwa juu aliupiga smashi ukaruka waya ukapotelea kwa mahindi ya jirani. Hiyo hadithi ilifika dukani kabla yake.

Akaja mchana wa jua kali, aproni ya maziwa bado kiunoni.

"Muga, mzee," akanisalimu Kimeru. "Ni wewe unauza hizo raketi? Nataka ya kupiga. Zile za kukodisha zinanichezesha kama nimefungwa."

Nilikuwa nimeenda kumtazama akicheza Jumamosi iliyotangulia, na nilikuwa nimefurahi kama mtoto. Baada ya miaka ya filimbi, hatimaye mshambuliaji wa kweli! Nikamshushia tatu. Sasa wewe ni mtu wa huku, Kathure, unajua tunavyonunua jembe. Unalipima mkononi, unaligonga kwa kifundo cha kidole usikie linalia vipi, na kitu chepesi tunakishuku, tunasema hakitamaliza msimu. Mama Kendi alifanya hivyo hivyo. Akapima ile nyepesi akairudisha. Akapima ya almasi, gramu mia tatu sabini na tano, kaboni tupu, sponji ngumu kuliko zote tulizokuwa nazo. Akaigonga.

"Hii inalia vizuri."

Nami nikamwambia, "Hiyo ndiyo yenyewe, mama." Mimi, mwanafunzi wa Mzee Njeru, nikauza raketi kama jembe. Sikumpa hata mkono, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na mizani na mwingine ulikuwa unashika raketi ya pili. Kwa ule mpira wake nilichagua sawasawa, hata leo nitabishana na mtu. Lakini sikuuliza anacheza saa ngapi, na sikuuliza mkono huo umeshafanya nini kabla ya kufika uwanjani.

Baada ya mwezi na kitu alirudi. Kiwiko kimefungwa leso.

"Mzee, hapa panawaka. Hasa nikikama."

Neno hilo, nikikama, nililisikia kwa masikio yangu mawili. Ng'ombe watano, asubuhi na jioni, halafu ndipo ushambulie na raketi ya almasi. Na Julai ilikuwa imeingia. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa aliyokuwa akicheza, kwa baridi ya Meru sponji ngumu inakuwa kama mkate wa juzi. Yote yalikuwa mbele yangu. Lakini wateja wa padeli walikuwa wachache, na akina mama wote walikuwa wanaitazama raketi yake, na mimi nilikuwa fundi aliyepata jina tena baada ya kulipoteza. Sitajificha nyuma ya uzee. Nilikuwa na kiburi.

"Utazoea, mama," nikamwambia. "Raketi mpya lazima ikufundishe kwanza."

Nikamzungushia mpini utepe wa pili, bure, nikajiona mtu mkarimu sana. Akaniamini, akaenda. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alilisikia la mkuu.

Akina mama wa Meru walikuwa wamealikwa kucheza na wa Embu, kwenye uwanja mpya wa huko. Kwa Mama Kendi halikuwa jambo dogo. Aliniambia tangu amalize shule hakuna kitu alichokuwa amekifanya ambacho si cha ng'ombe, cha viazi au cha kanisa. Nilienda nao nikiwa na tepu na mikasi, fundi wa timu. Alicheza upande wa kushoto, upande wa mshambuliaji, na mwenzake alikuwa mwalimu wa kemia mwenye subira. Seti ya kwanza walichukua. Ya pili wakaanza vizuri. Niliona anapumzisha mkono kila mpira ukifa, anaukung'uta kama mtu aliyeguswa na stima. Niliona, nikanyamaza.

Kisha wa Embu wakainua mpira juu, mfupi. Mama Kendi akarudi hatua mbili, akaupiga. Haki ya Mungu, sijaona smashi kama ile. Mpira uligonga chini, ukaruka nje ya uwanja, watu wakapiga kelele. Yeye hakupiga kelele. Raketi ilikuwa inaning'inia kwa kamba yake mkononi, naye anaitazama.

"Mwalimu," alimwambia mwenzake, "siwezi kufunga vidole."

Walikuwa wameshinda pointi hiyo, na mechi ikaishia hapo kwa sababu hakukuwa na mtu wa kushika raketi. Wanawake wa Embu wakaleta barafu, wakamwambia pole, wakamketisha. Mimi nilisimama na tepu yangu. Nikasogea, nikamwambia, "Mama, pole sana." Aliangalia jua liko wapi, akaniuliza, "Mzee, jioni nani atakama?"

Hilo swali nililala nalo siku nyingi.

Hospitalini walisema kano imechanika, si yote lakini kiasi cha kutosha. Asiinue kitu, asikamue kitu, miezi. Mama Kendi akamwajiri kijana mmoja wa kukama. Kijana hakuwa mbaya, ila ng'ombe nao wana mtu wao; wawili walizuia maziwa, mmoja akapata ugonjwa wa kiwele kwa sababu ya kuachwa na maziwa ndani. Hoteli ilisubiri wiki mbili, wakatafuta mwingine wa kuwaletea. Akauza ng'ombe mmoja, halafu wa pili.

Nilipanda Kibirichia na mkate na kilo mbili za sukari. Alinikaribisha vizuri, akanikalisha pale kuna moto. Nikamwambia wazi: raketi ilikuwa nzito na ngumu kwa mkono unaokama, sikuuliza, na uliponiambia unaumwa nilikuambia utazoea. Ni kosa langu.

Akasogeza kuni motoni. "Mzee Kirimi, hata wewe! Kama hukuniuzia ningeagiza Nairobi. Kwani ulinifunga pingu? Mimi ndiye niliigonga nikasema inalia vizuri."

Nilitaka anitukane. Kwa kweli hicho ndicho nilichokuwa nimepandia ule mlima. Hakunitukana, akanijazia viazi mfuko mzima, na nikateremka nao begani nikiwa nimechoka kuliko siku yoyote ya kazi.

Tangu siku hiyo ndipo nikawa yule mzee uliyemkuta, Kathure, ulipoajiriwa. Unakumbuka ulivyoninung'unikia? "Mzee, unauliza maswali kama daktari, wateja wanakimbia!" Ni kweli walikimbia baadhi. Nilikuwa nikiuliza: kabla ya kuja uwanjani mikono yako imefanya nini? Unacheza saa ngapi, kwenye baridi au jua likiwa limetoka? Panauma wapi, na usinidanganye? Wa kuchuma majani chai, wa kupasua mawe, wa kukama, wa kompyuta mchana kutwa, wote hao kiwiko kimeshatumika nusu kabla ya smashi ya kwanza. Niliwapa raketi ya majaribio wacheze nayo saa nzima, saa ile ile wanayocheza kila siku. Dukani mchana kila raketi ni nzuri. Na mtu akiniambia inamuuma, raketi ilirudi siku hiyo hiyo, tajiri apende asipende. Tajiri hakupenda.

Sasa nakuja kwa wiki yangu ya mwisho kazini, wewe ulikuwa umeenda mazishi Chogoria. Mama Kendi aliingia. Sikuwa nimemwona karibu mwaka. Amevaa vizuri, viatu vya raba, hana aproni. Nilitoka nyuma ya kaunta nikampa mkono, nikaushikilia. Ulikuwa na nguvu. Vidole vilifunga vizuri, kimoja baada ya kingine, nami nikashukuru Mungu kwa sauti.

"Daktari ameniachilia," akasema. "Nataka kurudi. Na usinipe ile ya duara ya kulinda, mzee. Mimi sijui kulinda."

Nikacheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Lakini sikukubali kirahisi. Nikamshushia ya tone la maji, gramu mia tatu hamsini na tano, sponji laini. Akaipunga hewani, akairudisha kwenye kaunta. Nikashusha nyingine, ya almasi kweli, ila nyepesi, uso wa faiba, sponji laini, ambayo inamwachia mtu kushambulia bila kumvunja. Safari hii hakuigonga. Aliipima polepole juu na chini, akasikiliza kiwiko chake.

"Haiumi."

"Subiri, mama. Sijauliza. Utacheza saa ngapi?"

"Saa nne, jua likitoka."

"Huko nyuma ulikuwa unacheza ukitoka kukama. Sasa unakama wangapi?"

"Hakuna."

Nilidhani sikusikia. "Umepata mtu wa kukukamia?"

"Nimeuza, mzee. Wa mwisho alienda Jumanne. Kijana alichoka, na mimi daktari alisema nikirudia kukama, kano itakatika kabisa." Aliizungusha raketi mkononi, kwa urahisi, kama mtu aliyelala vizuri. "Kwa hivyo mkono uko mzima. Hauna kazi nyingine."

Majibu yake yote yalikuwa mazuri, Kathure. Kwa maswali yangu yote, huyo ndiye mteja aliyefaa ile raketi kuliko wote niliowahi kuwauzia. Nikamfungia utepe mpya kwenye mpini, taratibu, kwa sababu macho yalikuwa hayaoni vizuri. Kisha nikamwambia akae kidogo, nimwagizie chai ya hapo jirani.

"Asante, lakini ngoja nikimbie," akasema, akiingiza kamba mkononi. "Kendi anarudi kutoka shule, na sijanunua maziwa ya pakiti."